Kipimo na Sauti: Historia Fupi ya Mbari za Kubuniwa, toka Tolkien hadi Katuni za Kijapani

Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lisansi alituletea kurasa chache za kanuni za mchezo uitwao Donjons et Dragons, akiwa amezigeuza toka Kifaransa hadi Kiswahili. Kazi yake ilikuwa safi. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na doa. Mbari zote za mchezo huo alizipanga katika jedwali, na kila mbari aliiwekea alama zake za nguvu, wepesi, ustahimilivu na mvuto. Mahali palipoandikwa «nain» aliweka «mbilikimo», kama kamusi ilivyomwelekeza, na mbele ya neno hilo akanakili kanuni: ustahimilivu uongezwe, mvuto upunguzwe. Jedwali lilipokwisha kuandikwa ubaoni, mwenzake aliyekulia upande wa Mambasa aliinua mkono. «Asistani,» alisema, «mama mzaa mama yangu ni Mmbuti. Je, naye anapunguziwa alama?» Darasa lilicheka, kisha likanyamaza.

Makala haya yamezaliwa na swali hilo. Vijana wetu wanazijua mbari za kubuniwa kwa mapenzi makubwa: Waelfi wenye masikio marefu, Wadwafu wachimba migodi, Waorki wenye meno ya nje. Wamekutana nazo katika riwaya, katika michezo ya kompyuta na katika katuni za Kijapani ziitwazo anime. Si nia yetu kuwakemea kwa mapenzi hayo, maana sisi wenyewe tunayo. Tumekusudia kuonyesha kwamba mbari hizi zina historia, na kwamba ndani ya historia hiyo njia mbili za kuwataja watu zimekuwa zikishindana. Ya kwanza humtaja mtu kwa kumpima. Ya pili humtaja kwa kumsikiliza. Tutaanza na kipimo, kwa kuwa ndicho kilichotangulia.

1. Kipimo cha mkono

Katika wimbo wa tatu wa Iliadi, utenzi wa Kigiriki unaonasibishwa na Homeri, wametajwa watu wafupi wanaopigana na korongo kando ya bahari ya mbali. Hakuna Mgiriki aliyekuwa amewaona. Walikuwa mbari ya kubuniwa, sawasawa na Waelfi wa leo, na jina lao lilitokana na neno la Kigiriki la kipimo: urefu wa mkono toka kiko hadi vifundo vya ngumi. Watu hao waliitwa, kwa lugha yetu, «wenye urefu wa mkono».

Jina hilo lilisubiri karne nyingi kupata wenyewe. Mwaka 1870 msafiri Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyetumwa toka Berlin, alifika katika baraza la mfalme Munza wa Wamangbetu, katika nchi ambayo leo ni kaskazini-mashariki ya Kongo. Huko aliwaona watu wa Aka, wakaao msituni. Aliporudi Ulaya na kuandika safari yake, aliwaeleza wasomaji kuwa watu wa Homeri wamepatikana. Tazama mwelekeo wa jambo hili: haikuwa kwamba watu walionekana, kisha jina likatafutwa. Jina lilikuwako tayari, likiwa na hadithi yake na mzaha wake, na watu hai wakatiwa ndani yake.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1904 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga alionyeshwa mbele ya watazamaji katika maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani, mahali ambapo watu wa mataifa mengi walipangwa kama vielelezo. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga kwa nguvu hadi akaondolewa. Alijiua mwaka 1916, akiwa ugenini.

Ama kuhusu neno letu «mbilikimo», wengi wamelifafanua kuwa limetokana na «mbili» na «kimo». Iwe maelezo hayo ni ya kweli au ni ya kubahatisha, masikio ya msemaji husikia kipimo ndani yake, kama masikio ya Mgiriki yalivyosikia. Lugha mbili zisizo na udugu zimemtaja jirani kwa rula. Hili lisisahauliwe tutakaporudi katika jedwali la mwanafunzi wetu.

2. Mwanafilolojia na watu wake

Njia ya pili ina mwanzilishi wake katika fasihi ya kinjozi ya karne ya 20, na alikuwa mtu wa kazi yetu. J.R.R. Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 huko Bloemfontein, katika nchi ambayo sasa ni Afrika Kusini, na alipelekwa Uingereza akiwa na umri wa miaka mitatu. Alisomea Oxford, akaingia vita ya kwanza ya dunia na kupigana Somme mwaka 1916. Baada ya vita alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Oxford, akichunguza asili ya maneno yaanzayo na herufi W. Mwaka 1925 alipewa kiti cha Kiingereza cha kale katika chuo kikuu hicho. Riwaya yake The Hobbit ilitoka mwaka 1937. The Lord of the Rings, yaani Bwana wa Pete, ikatoka katika juzuu tatu miaka ya 1954 na 1955.

Tolkien mwenyewe alishikilia mara nyingi kwamba lugha ndizo zilizotangulia, na hadithi zikafuata ili lugha hizo zipate pa kuishi. Wasomaji wengi hudhani huo ni utani wa profesa. Lakini ushahidi umo ndani ya kazi. Lugha ya Kikwenya, ya Waelfi wa juu, aliijenga akiwa amevutwa na Kifini, ambacho sarufi yake aliigundua angali mwanafunzi. Kisindarini alikipa sauti na mabadiliko ya konsonanti yanayokumbusha Kiwelisi. Tena lugha hizo mbili hazikuwekwa tu kando kwa kando: zilitokana na lugha mama moja, kwa kanuni za mabadiliko ya sauti ambazo mwanaisimu anaweza kuzifuata hatua kwa hatua, kama tufanyavyo tunapolinganisha lugha za Kibantu.

Lugha ya Wadwafu aliipa muundo wa Kisemiti, wenye mizizi ya konsonanti tatu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, maana anazo «kitabu», «katibu» na «maktaba» kinywani mwake. Vivyo hivyo mmoja wao ni Khuzd, wengi ni Khazâd, na lugha yao ni Khuzdul. Lugha hiyo waliificha kwa wageni, na majina yao ya kweli hawakuyaandika hata juu ya makaburi. Majina tunayowajua kwayo ni ya kuazima. Kwa kweli Tolkien aliyatoa katika orodha ya majina iliyomo katika shairi la kale la Kiskandinavia, Völuspá.

Jambo linaloshinda yote ni jina ambalo Waelfi walijiita walipoamka duniani, kama linavyosimuliwa katika Silmarillion, kitabu kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kifo cha mwandishi. Walijiita Quendi, maana yake wale wanenao kwa sauti, kwa kuwa hawakuwa bado wamekutana na kiumbe mwingine anenaye. Hapa hakuna kipimo. Hakuna urefu, wala umbo la sikio, wala rangi ya nywele. Mtu ni yule anenaye.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Tolkien aliutoka kabisa ulimwengu wa vipimo. Neno la Waorki alilipata katika Kiingereza cha kale. Katika utenzi wa Beowulf, unaopatikana katika hati moja tu ya karibu mwaka 1000, majitu, Waelfi na viumbe waitwao orcneas wametajwa pamoja katika mstari mmoja, wote wakiwa uzao mwovu wa Kaini. Katika vitabu vya uganga vya zama hizo Waelfi waliogopwa kama waleta maradhi. Tolkien aliuchukua ukoo huo mmoja akaugawanya: Waelfi akawapandisha, Waorki akawashusha. Na alipowashusha aliwanyima lugha. Wao hawana lugha waliyoizaa wenyewe. Huchukua maneno ya wengine na kuyaharibu, na wakikutana wa koo mbalimbali hutumia lugha ya wote kwa namna ya matusi. Kadhalika, katika barua ya mwaka 1958 aliieleza sura yao kwa dhihaka iliyowahusu watu wa Asia ya Mashariki, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya Wazungu wengi wa zama zake.

Mtu huyo huyo, mwaka 1938, aliulizwa na kampuni moja ya Ujerumani iliyotaka kuitafsiri The Hobbit kama yeye ni wa asili ya Kiarya. Aliandaa majibu mawili. Katika moja alijibu kwa ukali wa mwanaisimu: Kiarya ni jina la kundi la lugha, na yeye hakujua babu yeyote aliyenena Kiajemi au Kihindustani. Alijua, basi, ni uovu gani unaofanyika lugha inapogeuzwa kuwa damu.

Swali la Waorki halikumwachia usingizi. Kama uovu hauwezi kuumba, Waorki walitoka wapi? Kama wana nafsi, je, hawawezi kuokoka? Alilirudia swali hilo katika barua na maandishi ya uzeeni, na hakulifunga. Sisi tunaona kuwa jibu lilikuwa limemponyoka katika riwaya yenyewe. Mwishoni mwa juzuu ya pili, Waorki wawili wanakaa na kuzungumza wakidhani hakuna asikiaye. Wanawalalamikia wakubwa wao, wanaota siku ambayo vita itakwisha, waende zao na wenzao wachache mahali pasipo mabwana. Kwa ukurasa mmoja au miwili mwandishi aliwapa sauti, na kwa muda huo wakawa askari kama askari wengine.

3. Dadu na jedwali

Mwaka 1965 vitabu vya Tolkien vilitolewa Marekani kwa jalada la karatasi na bei ndogo, vikaenea katika vyuo vikuu. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, ambao ndio mchezo wa mwanafunzi wetu kwa jina lake la Kiingereza. Ilikuwa sanduku lenye vijitabu vitatu, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Wachezaji huketi mezani. Mmoja husimulia, wengine kila mmoja hushika mhusika wake, na mambo ya bahati huamuliwa kwa dadu.

Gygax alitoka katika michezo ya vita, ambamo kila kikosi kina namba zake. Ilikuwa lazima basi kwamba mbari nazo zipewe namba. Katika vijitabu vya 1974, binadamu aliweza kupanda madaraja bila kikomo, lakini Mdwafu alizuiwa katika daraja la 6, na Mhobiti, yule mtu mdogo aliyebuniwa na Tolkien, katika daraja la 4, hata angejitahidi vipi. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 namba zilizidi kupangwa: Mdwafu aliongezewa alama 1 ya ustahimilivu na kupunguziwa 1 ya mvuto, Mwelfi aliongezewa wepesi na kupunguziwa ustahimilivu, aliyezaliwa na Mworki na binadamu aliongezewa nguvu na ustahimilivu, akapunguziwa alama 2 za mvuto. Zaidi ya hayo, kila kiumbe aliandikiwa mwelekeo wake wa tabia, wema au uovu, na Waorki wakaandikwa waovu. Katika kanuni za 1981 za wanaoanza, Mwelfi na Mdwafu hawakuchagua hata kazi: kuwa Mdwafu ndiyo kazi yenyewe.

Ni haki kuutetea mchezo huu kidogo. Namba zilikuwa na sababu ya kiufundi: bila faida na hasara, uchaguzi wa mbari usingekuwa na uzito mezani, na kikomo cha daraja kiliwekwa ili binadamu wabaki wengi katika masimulizi. Aidha, ulikuwa mchezo uliowaketisha marafiki pamoja na kuwafundisha kusimulia, nasi tunaojua thamani ya hadithi za jioni hatuwezi kuudharau. Lakini kilichotokea katika historia ya mawazo ni wazi. Lugha ya Wadwafu, mizizi yake, siri yake na makaburi yake, yote yalibaki nyuma. Katika mchezo lugha ikawa mstari mmoja wa orodha: anajua Kidwafu, ndiyo au hapana. Kilichovuka ni kimo, ndevu, na alama pungufu ya mvuto. Hata jina la Wahobiti liliachwa baada ya wenye haki kulalamika. Wakaitwa kwa jina jingine lenye maana ya nusu-mtu. Kipimo kilikuwa kimerudi.

4. Kompyuta na njia ya Japani

Jedwali ni chakula cha kompyuta. Mwaka 1981 ilitoka michezo miwili ya Kimarekani, Wizardry na Ultima, na yote miwili ilichukua mbari zile zile na alama zake. Kompyuta za siku hizo hazikuweza kubeba nyimbo wala nasaba, lakini namba ziliweza kubebwa bila shida.

Wizardry ilipendwa mno Japani. Huko The Lord of the Rings ilikuwa imekwisha kutafsiriwa na Seta Teiji kati ya 1972 na 1975. Mwaka 1986 Horii Yuji, aliyeathiriwa na Wizardry na Ultima, alitoa Dragon Quest, na picha zake zikachorwa na Toriyama Akira. Mchezo huo uliweka msingi wa michezo ya aina hiyo nchini mwake. Final Fantasy ukafuata mwaka 1987.

Mwaka huo huo wa 1986 gazeti la kompyuta liitwalo Comptiq lilianza kuchapa jambo geni: maandishi ya kikao cha Dungeons & Dragons, wachezaji wakinukuliwa kama walivyosema mezani. Msimulizi alikuwa Mizuno Ryo. Toka maandishi hayo ilizaliwa Record of Lodoss War, ikawa riwaya mwaka 1988, kisha anime ya vipindi 13 katika miaka ya 1990 na 1991. Humo alikuwamo Mwelfi wa kike aitwaye Deedlit, ambaye mchoraji Izubuchi Yutaka alimpa masikio marefu yanayoelekea pembeni kama majani. Masikio hayo yamekuwa alama ya Waelfi wa Japani hadi leo.

Waorki nao wana safari yao. Katika kitabu cha viumbe cha Dungeons & Dragons cha 1977 walichorwa wakiwa na pua ya nguruwe, na nguruwe ndiye aliyebaki katika michezo na katuni nyingi za Japani. Huko Uingereza mchezo wa Warhammer, ulioanza mwaka 1983, ulizoeleka kwa Waorki wa kijani, na rangi hiyo ikaingia Marekani katika Warcraft, mwaka 1994. Kila nchi iliongeza kiungo: sikio, pua, rangi. Hakuna aliyeongeza sarufi. Mtoto anayeona picha ya Mworki leo anatambua papo hapo kwamba ni adui, kabla hajafungua kinywa.

5. Sauti inarudi

Historia hii isingestahili kusimuliwa kama ingeishia hapo. Kadiri walaji wa hadithi hizi walivyokomaa, ndivyo baadhi ya watunzi walivyochoka na jedwali. Katika Warcraft III ya mwaka 2002, kiongozi wa Waorki aitwaye Thrall, aliyelelewa utumwani, anawatoa watu wake na kuwavusha bahari kutafuta nchi. Tunaambiwa kuwa ukatili wao wa zamani haukuwa katika damu yao wenyewe: walinyweshwa damu ya pepo na viongozi wenye tamaa. Wachezaji wengi walijikuta wanawapenda.

Mwanamke wa Kijapani, Kui Ryoko, alichora kati ya 2014 na 2023 hadithi iitwayo Dungeon Meshi, ambayo anime yake ilionyeshwa mwaka 2024. Wasafiri wake wanakutana na Waorki chini ya ardhi. Badala ya vita tu kuna unga wa kukanda. Mkate unapoandaliwa, mabishano yanazuka: Waorki wanasema walifukuzwa juu ya nchi na binadamu na Waelfi, wengine wanawajibu kwa makosa yao. Kila upande una historia yake, na pande zote zinakula mezani pamoja. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini mwandishi anajua vema kwamba aliye na nguvu ndiye huamua nani ahesabiwe kuwa mtu.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, nasi tunauona kuwa ndio wenye kumgusa mwanaisimu kuliko yote. Ni Sousou no Frieren, iliyoandikwa na Yamada Kanehito na kuchorwa na Abe Tsukasa tangu 2020, na kuwa anime mwaka 2023. Frieren ni Mwelfi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja, anayejifunza polepole kuwaelewa binadamu waliokwisha kufa. Ni kazi yenye huruma nyingi. Lakini katika dunia hiyo kuna mbari ya pepo wanaofanana na watu, na tunaelezwa kuwa wao waliikuza lugha kama simba akuzavyo ukucha, ili kunasa mawindo. Mtoto wa pepo anapotaka kuuawa, analia akiita mama. Pepo hawana malezi ya mama. Anapoulizwa kwa nini alitamka neno hilo, anaeleza kuwa neno hilo huwazuia watu wasimuue.

Kama sitiari ya udanganyifu, tukio hilo lina nguvu sana. Lakini sisi tuliosoma historia hatuna budi kusimama hapo. Je, mbari inawezaje kuhukumiwa kabisa, bila kubakiza mmoja? Si kwa kuipima nguvu au kimo. Ni kwa kusema kuwa maneno yake si maneno. Kwamba akilia, kilio chake ni hila. Mtunzi anayo haki ya kubuni kiumbe wa namna hiyo, na huenda hadithi yake inadai awe hivyo. Ila msomaji ajue kuwa hukumu hiyo imewahi kutolewa juu ya watu wa kweli. Kuhusu Wambuti wenyewe imeandikwa mara nyingi kwamba hawana lugha yao, kwamba wameazima tu ya majirani. Ukweli si mwepesi hivyo: Waefe wanasema Kiefe, ambacho ni ndugu wa Kilese lakini kina namna zake, Waasua wanayo lugha yao katika kundi la Kimangbetu. Aliyesema hawana lugha hakuwa amekaa kusikiliza.

Mwisho tuitaje Dungeons & Dragons yenyewe. Vikomo vya madaraja viliondolewa katika toleo la tatu, mwaka 2000. Mwaka 2020 wachezaji waliruhusiwa kuziweka nyongeza za alama popote watakapo, na katika kitabu cha wachezaji cha 2024 nyongeza hizo zilihamishiwa kwenye malezi na kazi ya mhusika. Neno «mbari» lenyewe liliachwa, mahali pake pakawekwa neno la biolojia, «spishi». Mchezo mwingine wa ukoo huo, Pathfinder, ulikuwa umechagua mwaka 2019 neno lenye maana ya asili au wahenga. Tunaona chaguo la pili ni bora. Spishi ni kipimo kikali kuliko mbari, kwa kuwa hudokeza kuwa hawa na wale hawawezi kuzaa pamoja. Na kweli, katika orodha ya mbari za kitabu hicho cha 2024, nusu-Mwelfi na nusu-Mworki hawamo tena. Mwenye wahenga, kinyume chake, ana masimulizi.

6. Kiswahili kitafsirije?

Turudi ubaoni. Kosa la mwanafunzi wetu halikuwa la sarufi, wala hakuwa na nia mbaya. Alichukua mbari ya kubuniwa, iliyokuwa imevuliwa lugha na kuvikwa namba, akaipa jina la majirani zetu. Alifanya bila kujua kile alichofanya Schweinfurth. Na jina hilo halielei hewani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza sheria tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu asilia wa misitu, na sheria hiyo yenyewe, kwa Kifaransa, ingali inawataja kwa jina la wale wapigana-korongo wa Homeri. Ikiwa sheria yenye nia njema imeshindwa kulikimbia jina, mfasiri asiye mwangalifu atashindwa zaidi.

Tolkien aliwahi kukumbana na jambo hili. Baada ya kuchukizwa na tafsiri za Kiholanzi na Kiswidi, aliwaandikia wafasiri mwongozo wa majina, uliochapishwa mwaka 1975. Humo alieleza ni majina gani yaachwe na yapi yageuzwe, na kila mara alirudi kwenye swali moja: katika hadithi, jina hili linasemwa na nani, kwa lugha gani?

Kwa kufuata nia hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, «mbilikimo», «Mmbuti» na «Mtwa» yasitumike kamwe kwa mbari za kubuniwa. Pili, jina la kigeni lipokewe kwa umbo la Kiswahili, kama tulivyofanya hapa: Wadwafu, Waorki, Wahobiti. Kwa wale wa masikio marefu tumesema «Waelfi», kwa kuwa «elfu» ni hesabu, na hesabu tumekwisha kuwa nazo za kutosha. Tatu, pale ambapo mtunzi amewapa watu wake jina walilojiita wenyewe, jina hilo litangulie: Wakhazadi katika hadithi za Tolkien, si Wadwafu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mbari za kubuniwa zilianza kwa kipimo katika utenzi wa Kigiriki, zikapata sauti katika meza ya mwanafilolojia wa Oxford, zikaipoteza katika jedwali la dadu na la kompyuta, na sasa, hapa na pale, zinaanza kuipata tena. Hatukutoa hesabu hii ili michezo ifungwe. Tumeitoa ili mchezaji anayeujaza ukurasa wa mhusika wake ajue kuwa kila namba iliwahi kuwa hukumu juu ya fulani.

Mwanafunzi wetu aliirudia kazi. Katika nakala ya pili Wadwafu wana jina lao, na chini ya jedwali ameongeza aya fupi: wanasimulia nini juu ya chimbuko lao, wanawaita majirani kwa jina gani, huapa kwa nini. Mchezo haukudai aya hiyo. Yule wa Mambasa ndiye aliyeisoma kwa sauti mbele ya wenzake, na safari hii hakuna aliyecheka.